Alama Moja ya Mzee Kangas

Sipendi mgonjwa anayejibu kabla sijamaliza kuuliza. Watu hudhani muuguzi hufurahi akijibiwa chapuchapu, na labda wale wa wodi ya mifupa hufurahi. Sisi wa wodi ya vichwa tukiuliza hatutafuti jibu, jibu tunalo. Tunasikiliza jinsi linavyokuja, kama limechelewa, kama limepinda njiani, kama mtu amelitafuta au amelikuta tu mdomoni. Arvid Kangas alikuwa ananijibu kama mwanafunzi aliyeiba mtihani, na asubuhi ile ya Jumatatu jambo hilo lilinikera tangu napokea zamu, ila sikujua linanikera kwa nini.

Alikuwa dereva mstaafu wa treni za madini ya chuma, mzee wa miaka sabini na tisa, aliyepanda juu ya paa lake na koleo kuondoa theluji kwa sababu kijana aliyelipwa kuifanya kazi hiyo, alisema, alikuwa anaipapasa theluji badala ya kuiondoa. Akateleza. Kuanguka kwenyewe hakukututisha sana. Kilichotutisha ni vidonge vya moyo alivyokuwa akimeza, vile vinavyozuia damu kuganda. Picha ya kwanza ya kichwa ilionyesha damu kidogo upande wa kulia, imejipenyeza kati ya fuvu na ubongo, nyembamba kama ganda la kitunguu. Picha ya pili, Jumapili, ilionyesha ganda lile lile. Daktari Khurana akasema tumwangalie usiku mmoja zaidi, akiamka salama aende nyumbani baada ya chakula cha mchana.

Na wote tulitaka aende, mimi wa kwanza. Mkewe, Darlene, alikuwa amepoteza kumbukumbu, na aliyekuwa akimvisha, akimpikia na kumtoa nje ya kabati alilodhani ni choo ni Arvid peke yake. Hawakujaliwa watoto. Tangu ajali Darlene alikuwa analala kwa jirani, na jirani huyo alikuwa na safari ya Arizona, kukimbia baridi kama wenye uwezo wote wa Duluth. Marcy, ofisa wetu wa ustawi wa jamii, alikuwa ameshamwambia Arvid wazi: usiporudi nyumbani Jumatatu, itabidi tumtafutie mkeo nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee waliosahau. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa mji mwingine kabisa.

"Ukimwingiza mle hatoki," Arvid aliniambia Jumamosi. "Leo atanisahau jina, kesho uso. Nyumbani ananikumbuka kwa sababu ya harufu ya kahawa yangu mbovu."

Basi asubuhi ile tulipokabidhiana zamu tulifanya kama kawaida yetu. Wodi yetu haina habari ya kukabidhiana kwa maneno tu. Anayetoka na anayeingia husimama pamoja kando ya kitanda, wote wawili wanamulika macho, wote wawili wanabana vidole, ili baadaye mtu asije akasema mboni hii ilikuwa hivi kumbe ilikuwa vile. Anayetoka alikuwa Dwight, jitu la mtu lenye ndevu za kufikia kifuani na sauti ya mtoto wa kwaya.

"Mzee Kangas, tuambie jina la..."

"Arvid Johannes Kangas. Niko hospitali, Duluth, Minnesota, mwezi wa pili. Nilidondoka kutoka paani kama gunia la viazi. Umeridhika, binti?"

"Na leo siku gani?"

"Jumapili."

Nikamtazama Dwight. Dwight akapiga miayo. "Mwachie hiyo. Hata mimi naona ni Jumapili, sijalala."

Tukamwachia. Wauguzi wote huachia siku. Mtu aliyelazwa chumba chenye dirisha la kutazama ukuta, anayeamshwa kila baada ya saa mbili kumulikwa machoni, siku zitamkaaje kichwani? Mwezi alikuwa nao, mwaka alikuwa nao. Mboni zilikuwa sawa, zikasinyaa kwa tochi. Akatubana vidole. Kipimo chetu kina alama kumi na tano, za macho, za maneno na za mwili, na wala usidhani ni mtihani mgumu, maana hata kiti cha wageni kinapata tatu. Tukampa zote. Dwight akachukua koti lake, akaenda zake.

Kazi ya kwanza ya anayeingia, kabla ya kahawa, ni kufuta ubao mweupe ulio ukutani mbele ya kitanda na kuandika upya: leo siku gani, hapa ni wapi, muuguzi wako ni nani, mpango wa leo ni nini. Nilikuwa nimeshika kitambaa mkononi pale mgonjwa wa chumba cha pili alipoamua kuchomoa mpira wake wa mkojo. Nikakimbia. Asiyewahi kuona jambo hilo ashukuru Mungu wake.

Mchana ukakaribia. Karatasi za kuruhusiwa zilikuwa tayari, Daktari Khurana ameshasaini, na mgonjwa mwingine alikuwa chini kwenye chumba cha dharura akisubiri kitanda kile kile. Kilichobaki ni kipimo cha mwisho. Kwetu hatoki mtu bila kipimo cha mwisho kuandikwa.

Nilimkuta Arvid amekaa kando ya kitanda, amevaa suruali yake na shati la flana, vifungo vimefungwa vibaya. Darlene alikuwa kwenye kiti, koti limefungwa mpaka kidevuni, mkoba magotini, kama mtu aliye stesheni. Jirani alikuwa chini anapasha moto gari.

"Tunaondoka?" Darlene aliuliza.

"Sasa hivi, mpenzi," Arvid akasema.

"Vifungo vimekugomea leo," nikamtania.

"Darlene ndiye amenifunga. Ana mapenzi, hana macho."

Nikacheka. Nilitaka kucheka, ndiyo maana sikujiuliza kwa nini mtu mwenye mikono miwili afungwe shati na mgonjwa. Nikawasha tochi. Jicho la kushoto likajibu vizuri. La kulia nalo likajibu, ila niliona kama limejivuta, au niliona kwa sababu nilikuwa na wasiwasi. Nikamulika tena, na mara ya pili sikuwa na uhakika hata wa mara ya kwanza. Nikauliza maswali. Akayajibu yote kabla sijafika mwisho. Hospitali, Duluth, Minnesota, mwezi wa pili.

"Haya," nikasema, "kichwa kinauma?"

"Kichwa changu hakijawahi kuniuma tangu nioe. Uliza huyu."

"Tunaondoka?" Darlene akasema.

"Mzee wangu, nitakumisi," nikamwambia, nikazima tochi.

Akanitazama usoni, uso mkunjufu, wa upole. Kisha macho yake yakaniruka begani, yakaenda ukutani, yakarudi.

"Na mimi pia. Asante kwa yote, Dwight."

Darlene akageuka kwenye kiti. "Arvid," akasema, "huyu ni mwanamke."

Nilicheka, nadhani hata yeye alicheka. Halafu kicheko kikanikauka. Mtu huyu aliniita Corinne tangu Ijumaa. Alinitania kwa jina hilo, alinitungia na jina la utani, alinieleza kwamba treni yake ya mwisho ilikuwa na tabia zangu. Na Dwight ana ndevu ambazo ndege wanaweza kuzaa ndani yake. Nikageuka kufuata njia ya macho yake. Ubao ulikuwa pale pale, kwa mwandiko wa Dwight: Jumapili. Hospitali, Duluth, Minnesota. Februari. Muuguzi wako: Dwight.

Nikaona saa zote zilizopita, kila aliyesimama pale na tochi, kila alama kumi na tano tuliyoiandika kwa kujiamini, na mzee huyu akitusomea maandishi yetu wenyewe. Tulikuwa tunampima ubao.

Nikachukua kitambaa nikafuta. Nilifuta pole pole, mgongo kwake, maana sikutaka aone uso wangu.

"Mzee Kangas. Mimi ni nani?"

Akaanza kuhangaika na kifungo cha shati.

"Hapa tulipo ni wapi?"

"Acha mambo hayo, binti. Umeshaniuliza."

"Nakuuliza tena. Hapa ni wapi?"

Alitazama ubao mtupu kwa muda mrefu. Midomo ilicheza. "Stesheni," akasema mwishowe, halafu akaona mwenyewe kwamba si hivyo, na woga uliomwingia machoni sitausahau. Huo haukuwa woga mpya. Alikuwa nao tangu usiku, labda tangu jana, akaukalia kimya kama mtu anayekalia tundu la kochi ili mgeni asilione.

"Nyoosha mikono yote miwili mbele. Viganja juu, kama umebeba boksi kubwa la pitsa. Fumba macho."

"Binti..."

"Fumba macho, mzee wangu."

Akafumba. Mikono ikasimama. Nikaanza kuhesabu moyoni, nikiomba, na kweli niliomba, mimi nisiyekwenda kanisani ila Krismasi. Kiganja cha kushoto kikaanza kugeuka, taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Kisha mkono wenyewe ukashuka, ukashuka, ukatua gotini.

"Imesimama?" akauliza, macho yamefumba. "Nimeishika vizuri?"

Akafungua macho, akauona mkono wake pale chini. Darlene akainuka kwenye kiti, akaushika kwa mikono yake miwili, akaurudisha juu ulipokuwa, akausubirisha hapo.

"Hivi," akamwambia mumewe. "Hivi ndivyo anavyotaka."

Nikavuta kompyuta ya magurudumu tunayoandikia vipimo. Hapo ndipo Arvid alipoelewa. Alinishika kwa mkono wake mzuri, na bado mkono ule ulikuwa na nguvu za dereva wa treni.

"Usiandike."

"Mzee..."

"Usiandike, nakuomba. Ni kizunguzungu tu, kitapita. Nitalala nyumbani, nitapona. Kesho kutwa nitarudi mwenyewe, kwa miguu yangu, mnitoboe kichwa mkitaka. Nipe muda nimpange huyu kwanza. Nikibaki leo wanamchukua. Unajua wanamchukua."

"Najua."

"Basi usiandike. Andika kama mlivyoandika asubuhi."

Nitasema ukweli kwamba niliyumba. Maagizo ya daktari kwenye faili yalisema apigiwe simu mgonjwa akishuka alama mbili. Arvid alikuwa ameshuka moja, kutoka "anajitambua" hadi "amechanganyikiwa", mstari mmoja tu kwenye skrini, na kidole changu kilikuwa katikati ya mistari hiyo miwili. Moja ni ya muuguzi. Moja unaweza kusema ni uzee, ni kukosa usingizi, ni hospitali. Mkono je? Kuna visanduku vya mikono pia, na kuna kitufe kimoja ambacho ukikibonyeza kinanakili kila kitu alichoandika mwenzako wa kabla yako, mboni, mikono, maneno, vyote. Nakichukia kitufe hicho. Nimewahi kugombana na watu kwa ajili yake mpaka wakaniita mchawi. Siku ile kilikuwa kinang'aa pale kwenye pembe, na nilikitazama.

Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, ila yeye hakuwa anaficha kwa ujinga. Alikuwa anajua bei. Alikuwa tayari kuilipa kwa kichwa chake, na mimi nilikuwa najua kwamba angeilipa na bado Darlene angechukuliwa, siku mbili baadaye, akiwa mjane. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pale pale mbele ya mkewe, kwa sauti niliyojaribu kuituliza ikanishinda.

"Ukienda nyumbani utalala, hutaamka. Atakukuta yeye asubuhi. Halafu atakusahau, na atakukuta tena."

Aliniachia mkono. Alinitazama kama nimemtemea mate.

Nikaandika. Macho, nne. Maneno, nne. Mwili, sita. Mkono wa kushoto unashuka. Mboni ya kulia inasinyaa polepole, na sikuweka neno "labda". Nikabonyeza kitufe cha kumwita mwenzangu akae naye, nikapiga simu.

"Corinne, nimeshasaini huyo," Daktari Khurana akasema. Nyuma yake nilisikia kelele za chumba cha dharura. "Alama moja? Ana karibu miaka themanini, hamjamwacha alale tangu Ijumaa. Hata mimi ningeshuka alama moja."

"Na mkono unashuka."

"Si ndio wenye dripu?"

"Dripu ilikuwa kulia. Unaoshuka ni wa kushoto."

Nilisikia kelele za watu nyuma yake, mtoto analia.

"Daktari, sikupigii nikuulize cha kufanya. Nakupigia uje, na mtu wa picha aambiwe tunashuka."

"Nakuja," akasema, na alikuja mbio, kwa ngazi, koti limemtoka bega moja. Simlaumu, alikuwa ameangalia karatasi, na karatasi zetu zilimwambia kumi na tano tangu jana.

Kwenye lifti Arvid alianza kusinzia. Nilimwita kwa jina, akafungua macho. Nikamwita tena, nikalazimika kumtikisa bega. Nilimwita njia nzima mpaka sauti ikawa ya kukwaruza, na mbeba machela akawa anaendesha kama gari la zima moto. Ganda la kitunguu lilikuwa limekuwa kitunguu chenyewe. Picha ilionyesha ubongo umesukumwa pembeni, na daktari wa upasuaji hakumaliza kuitazama alipoanza kutembea kuelekea chumba cha upasuaji.

Niliporudi wodini Darlene alikuwa bado amevaa koti.

"Tunaondoka?"

"Bado kidogo, mama."

"Arvid ameenda kuleta gari?"

Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema ndiyo, na nikasema tena kila alipouliza. Marcy alikuja na sauti yake ya pole na simu sikioni. Jirani naye alikuja juu, akalia, akaomba radhi, akasema tiketi haibadiliki. Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa la Duluth wakati gari la ile nyumba ya wazee lilipofika. Nilimsindikiza Darlene mpaka mlangoni. Dereva alimfungulia mlango wa nyuma kwa adabu zote, na Darlene akamtazama, akatabasamu, akamwambia, "Arvid, umechelewa." Akapanda.

Nililia chooni. Kisha nikanawa uso nikaenda kuandika ubao wa mgonjwa mpya, maana kitanda hakikai kitupu.

Siku ya tatu walimrudisha Arvid kwetu kutoka wodi ya wagonjwa mahututi. Nusu ya kichwa imenyolewa, mstari wa pini kama zipu, uso umevimba. Daktari wa upasuaji alisema mzee angechelewa kwa muda wa chakula cha mchana tu tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Watu walinipigapiga mgongoni. Dwight alisema atanyoa ndevu kwa heshima yangu, na hakuzinyoa.

Marcy alikuwa ameshampasha habari za mkewe. Nilimkuta amelala ubavu, ameelekea dirishani.

Niligeuza ubao, ule wa kwake, ukatazama ukuta. Sasa wodi nzima tunaugeuza kabla ya maswali. Nikamulika macho: sawa, yanasinyaa sawasawa. Nikampa vidole, akavibana kwa mikono yote miwili, vya kushoto kwa nguvu ile ile ya kulia. Nyoosha mikono, fumba macho. Ilisimama kama reli.

"Jina lako nani?"

Safari hii alisubiri nimalize kuuliza. "Arvid Kangas."

"Hapa ni wapi?"

"Hospitali. Duluth."

"Leo siku gani?"

Akafikiri. Nilimwona akihesabu. "Alhamisi. Darlene ana siku tatu kule."

Hata hiyo alikuwa nayo. Nilitaka niishie hapo, ningeweza kuishia hapo, maswali yalikuwa yametosha. Lakini nilikuwa na roho juu tangu Jumatatu, na nilihitaji kusikia jina langu.

"Na mimi ni nani, mzee wangu? Unanikumbuka?"

Aligeuza kichwa kile chenye pini akanitazama. Macho yalikuwa safi kabisa, hayana ukungu wowote.

"Wewe ndiye uliyeandika," akasema, akarudi kutazama dirisha.

Nikavuta kompyuta karibu. Macho, nne. Maneno, tano. Mwili, sita. Nikampa zote kumi na tano.